Dawa za Kulegeza Misuli: Namna ya Kukabili Maudhi na Kutambua Madhara

Mgonjwa anayetoka famasi akiwa na vidonge vya kulegeza misuli mara nyingi hupewa maneno mawili tu: meza kimoja mara tatu kwa siku, na usiendeshe gari. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Hayamwambii afanye nini asubuhi ya pili atakapoamka na kichwa kizito. Hayamwambii kwa nini mkojo umebadilika rangi, wala kama anaweza kuacha dawa akijisikia amepona. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuandikiwa dawa hizo, na kwa ndugu anayemuuguza, kwa kuwa dalili nyingi za hatari huonwa kwanza na mwenzake wa nyumbani kabla mgonjwa mwenyewe hajazitambua.

Maudhi na madhara si kitu kimoja

Maudhi ni mabadiliko yasiyopendeza ambayo dawa inajulikana kuyaleta, yanayovumilika, na ambayo mara nyingi hupungua kadiri mwili unavyoizoea dawa: usingizi, kinywa kukauka, kichefuchefu kidogo, uchovu. Madhara ni yale yanayojeruhi: ini kushindwa kazi, mtu kuzirai, mzio mkali, degedege. Anayeyadhania maudhi kuwa madhara huacha dawa aliyokuwa akiihitaji. Anayeyadhania madhara kuwa maudhi hukaa nyumbani akivumilia jambo lililopaswa kumpeleka hospitali siku ileile. Jambo la kwanza la kumwuliza mfamasia, kwa hiyo, ni hili: katika dawa hii, kipi nikivumilie na kipi nisikivumilie?

Dawa zenyewe na mahali zinapofanyia kazi

Wapo wanaotumia dawa hizi kwa siku chache kwa sababu ya mgongo au shingo iliyokaza ghafla baada ya kubeba mzigo au kulala vibaya. Hawa huandikiwa dawa kama klozoksazoni, methokabamoli, orfenadrini au tizanidini, pengine pamoja na dawa ya maumivu. Wapo wengine ambao misuli yao imekakamaa kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo au wa uti wa mgongo: waliopatwa na kiharusi, waliovunjika uti wa mgongo katika ajali, watoto wenye mtindio wa ubongo. Hawa huhitaji dawa kwa miezi au miaka, na iliyo maarufu zaidi kwao ni baklofeni. Diazepamu hutumika katika makundi yote mawili. Kwenye pakiti majina haya huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Wengi hudhani kuwa kidonge huenda moja kwa moja kwenye msuli unaouma. Sivyo. Ukiiondoa dantroleni, ambayo hufanya kazi ndani ya msuli wenyewe, karibu dawa zote za kumeza za kundi hili hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, mahali amri za kukaza misuli zinapotoka au kupitia. Dawa inayotuliza amri hizo haiwezi kuchagua msuli wa kiuno peke yake. Hutuliza pia sehemu za ubongo zinazomfanya mtu awe macho, asimame wima na afikiri haraka. Hii ndiyo sababu usingizi, kizunguzungu na uzito wa mawazo hufuatana na karibu kila dawa ya aina hii.

Usingizi na kazi ya mkono

Usingizi huwa mkali zaidi siku za mwanzo na kila dozi inapoongezwa. Kwa aliyeandikiwa dawa ya mara moja kwa siku, au dozi zisizolingana, mwulize daktari kama dozi kubwa inaweza kuhamishiwa usiku. Usingizi unaokera mchana unaweza kuwa msaada usiku kwa mtu aliyekuwa akiamshwa na maumivu. Dozi ya kwanza kabisa imezwe siku ambayo huna safari wala kazi ya hatari, ili ujue mwili wako unavyoipokea.

Onyo la kutoendesha gari limezoeleka hata halisikiki tena, na asiye na gari huona halimhusu. Linamhusu dereva wa bodaboda, mwenye mashine ya kusaga, seremala mwenye msumeno wa umeme, mpishi anayeinua sufuria la mafuta ya moto, mkwezi wa minazi na mchumaji wa karafuu aliye juu ya ngazi. Lililo gumu zaidi ni kwamba mtu aliyelegezwa na dawa mara nyingi hujiona yuko sawa. Yeye mwenyewe si shahidi mzuri wa wepesi wake, mwenzake aulizwe.

Pombe, hata kidogo, huongeza nguvu ya usingizi huo na inaweza kudhoofisha upumuaji, hasa kwa anayetumia diazepamu au baklofeni. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama tramadoli, hufanya vivyo hivyo. Dawa nyingi za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti nazo huleta usingizi, na mgonjwa huzimeza bila kumwambia mtu kwa kuwa haoni kama mafua yanahusiana na mgongo. Wengine hujaribu kuupiga vita usingizi kwa miraa, kahawa nzito au vinywaji vya kuongeza nguvu. Hilo humfanya mtu awe macho bila kumrudishia wepesi wa mikono wala uamuzi wake, kisha usiku hukosa usingizi halisi. Ukiona huwezi kufanya kazi, njia ni kurudi kwa aliyekuandikia, apunguze dozi au abadilishe dawa.

Kizunguzungu, na safari ya chooni usiku

Tizanidini hushusha shinikizo la damu. Nguvu yake hufika kilele baada ya muda wa saa 1 hadi 2 tangu kumezwa, na katika kipindi hicho mtu aliyekuwa amelala akisimama ghafla anaweza kuona giza na kuanguka. Anayetumia tayari dawa za shinikizo la damu yumo katika hatari kubwa zaidi. Namna ya kuamka ni hii: geuka ubavu, kaa ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, vuta pumzi kwa dakika moja au mbili, kisha simama ukiwa umeshika kitu. Kunywa maji ya kutosha, maana mwili uliokaukiwa maji huzidisha tatizo. Dawa hii pia imezwe kwa utaratibu uleule kila siku, ama pamoja na chakula ama bila chakula, kwa kuwa chakula hubadilisha namna inavyoingia mwilini.

Kwa wazee jambo hili ni zito. Chama cha Wataalamu wa Afya ya Wazee cha Marekani kimeziweka nyingi kati ya dawa za kulegeza misuli zinazotolewa kwa maumivu ya mgongo katika orodha ya dawa ambazo inafaa wazee waepushwe nazo, kwa sababu ya usingizi, kuchanganyikiwa na kuvunjika mifupa kwa kuanguka. Mzee asipewe kidonge cha kijana wake kwa kuwa “mgongo ni uleule”. Na ikiwa daktari ameamua kwamba mzee aitumie, familia itazame njia yake ya usiku: taa au tochi karibu na kitanda, mikeka inayoteleza iondolewe, na kama choo kiko nje, asiende peke yake katika wiki za mwanzo.

Mguu uliokuwa mgumu sasa umelegea

Hili huwashangaza wengi wanaomuuguza mtu wa kiharusi. Mgonjwa alikuwa akisimama na kujikokota kwa mguu mmoja mgumu kama gogo. Amepewa baklofeni, ugumu umepungua, na sasa hawezi kusimama kabisa. Familia huhitimisha kwamba dawa imemrudisha nyuma, au kwamba kiharusi kimempiga tena.

Ukweli ni kwamba msuli dhaifu ulikuwa ukisaidiwa na ukakamavu wake. Ugumu ule uliomuumiza ndio pia uliomshikilia asimame. Dawa inapouondoa, udhaifu uliokuwa umefichwa huonekana. Wakati mwingine dozi ni kubwa mno na hupunguzwa. Wakati mwingine dawa hupangwa ili nguvu yake iwe kubwa usiku, misuli inapobana na kumnyima usingizi, na iwe ndogo saa anazofanya mazoezi ya kutembea. Kwa sababu hii daktari huanza kwa kiasi kidogo, kwa mtu mzima mara nyingi miligramu 5 mara tatu kwa siku, na kuongeza polepole akitazama. Usiharakishe hatua hizo kwa kumeza zaidi. Mjulishe mtaalamu wa fiziotherapia siku dozi inapobadilika, maana yeye ndiye anayemwona mgonjwa akisimama.

Hata hivyo, udhaifu uliokuja ghafla upande mmoja, uso kupinda au maneno kukwama, usihesabiwe kuwa ni kazi ya dawa. Hiyo ni dharura ya kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Kinywa, tumbo na mkojo

Kinywa kukauka husumbua sana kwa orfenadrini na tizanidini. Nywa maji kwa mafunda madogo mara kwa mara, tafuna jojo isiyo na sukari, na usafishe meno vizuri zaidi kuliko zamani, kwa sababu kinywa kisicho na mate huozesha meno haraka. Pipi za sukari hutuliza kwa muda na kuongeza uozo. Tumbo likifunga, dona, maharage, mboga za majani, mapapai, maji na kutembea husaidia. Kichefuchefu mara nyingi hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula, isipokuwa kama umeelekezwa vingine.

Mkojo huwatisha watu zaidi. Methokabamoli inaweza kuufanya uwe wa kahawia, mweusi au kijani. Klozoksazoni inaweza kuufanya uwe wa rangi ya chungwa au mwekundu wa zambarau. Rangi hizo peke yake hazidhuru. Lakini mkojo mweusi kama chai ya rangi ukifuatana na macho ya njano, kuwashwa mwili, kukosa hamu ya kula au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, ni habari nyingine: huenda ini limeumia. Klozoksazoni, tizanidini na dantroleni zote zinajulikana kuweza kulidhuru ini, ingawa kwa wachache. Acha klozoksazoni mara moja na uende hospitali. Kwa zile mbili nyingine nenda hospitali siku hiyohiyo kabla ya dozi inayofuata, ukiwa na pakiti mkononi.

Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anayetumia orfenadrini anaweza kushindwa kukojoa kabisa. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho naye aseme mapema, kabla hajaandikiwa dawa hiyo.

Kilichomo ndani ya kidonge kimoja

Vidonge vingi vya mgongo vinavyouzwa madukani ni mchanganyiko: dawa ya kulegeza misuli, parasetamoli, na pengine diklofenaki au ibuprofeni, vyote ndani ya kidonge kimoja. Jina kubwa la biashara halisemi hivyo. Maandishi madogo ndiyo yanayosema. Tuchukue kidonge chenye parasetamoli miligramu 500 kinachomezwa mara tatu: hizo ni miligramu 1,500. Maumivu hayajaisha, mgonjwa anaongeza parasetamoli ya kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu: miligramu 3,000. Jumla ni 4,500, na kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni 4,000 kwa siku. Hakuna kidonge alichokosea kukimeza kimoja kimoja. Amekosea kwa kujumlisha. Anayeongeza diklofenaki juu ya kidonge ambacho tayari kina diklofenaki anaweka tumbo na figo zake hatarini kwa njia hiyohiyo.

Kisha kuna dawa zisizokutana. Siprofloksasini, ambayo huandikwa kila siku kwa homa ya matumbo na magonjwa ya njia ya mkojo, huzuia ini kuivunja tizanidini, na kiasi cha tizanidini katika damu kinaweza kupanda karibu mara 10. Shinikizo la damu hushuka vibaya na mtu huzirai. Dawa hizi mbili hazipaswi kutumiwa pamoja hata kidogo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huchelewesha kuondoka kwa tizanidini mwilini, kwa kiwango kidogo zaidi, lakini daktari anapaswa kujua. Njia iliyo rahisi ni kubeba pakiti zote za dawa unazotumia, hata za mitishamba, kila unapoandikiwa dawa mpya.

Wapo wanaomeza kwinini iliyobaki nyumbani kwa ajili ya mikazo ya usiku ya ndama za miguu. Tabia hii si ya hapa tu. Nchini Marekani mamlaka ya dawa iliwaonya watu dhidi yake mwaka 2006, kwa sababu kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuangamiza chembe zinazogandisha damu. Mkazo wa ndama kwa kawaida huachia ukinyoosha mguu na kuvuta vidole vya mguu kuelekea gotini.

Dawa isiyokatishwa ghafla

Sehemu hii isomwe mara mbili na kila mwenye mgonjwa wa baklofeni. Mwili uliotumia baklofeni kwa wiki kadhaa hujipanga upya kwa kuitegemea. Ikiondolewa kwa ghafla, ndani ya siku 1 hadi 3 misuli inaweza kukakamaa kuliko ilivyokuwa kabla ya matibabu, joto la mwili likapanda, mgonjwa akaona au kusikia yasiyokuwepo, akapata degedege. Watu hupoteza maisha kwa njia hii. Diazepamu iliyotumiwa muda mrefu nayo huleta degedege ikikatishwa, na tizanidini ya dozi kubwa ikiachwa ghafla hupandisha shinikizo la damu. Kuacha ni hatua inayopangwa na daktari, dozi ikishushwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki 1 hadi 2 au zaidi.

Wachache huacha kwa kukusudia. Dawa huisha Ijumaa na famasi ya mjini inasema njoo Jumatatu. Mgonjwa anasafiri kwenda kijijini kwa msiba wa siku mbili, anakaa nane. Fedha zimekwisha, na mtoto anapewa nusu dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hesabu vidonge kila wiki, na usisubiri vipungue chini ya vya siku 10 ndipo utafute vingine. Katika safari beba vya ziada, pamoja na cheti, katika mkoba ulio nao mwilini na si katika mzigo wa buti la basi. Tatizo likiwa ni fedha, liseme wazi kwa daktari kabla chupa haijaisha. Dozi inaweza kushushwa kwa usalama au dawa nyingine ikatafutwa. Na ikitokea dawa imekwisha kabisa, nenda hospitali usiku huohuo bila kusubiri dalili, ukisema maneno haya: natumia baklofeni na imekwisha.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Dawa ya mara tatu kwa siku haiingii kwa urahisi kati ya futari na daku, na wapo wanaoruka dozi ya mchana kimyakimya. Wiki chache kabla ya mwezi kuandama, mwone daktari ili aseme kama dozi zinaweza kupangwa upya, na mwulize mwanachuoni unayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Wote wawili wakisema usifunge, mgonjwa asifichwe jambo hilo kwa kuonewa haya.

Ukisahau dozi moja, imeze utakapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa inayofuata umekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja.

Mwenye ugonjwa wa figo ana tahadhari ya pekee: baklofeni hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo dhaifu huiacha ijikusanye hata kwa dozi inayoonekana ndogo. Akianza kusinzia mchana kutwa, kuchanganyikiwa au kupumua polepole, dawa iliyozidi ndiyo ya kushukiwa kwanza, na hospitali ndipo mahali pake. Mjamzito na anayenyonyesha waseme hali zao kabla ya kidonge cha kwanza. Thiokolkikosidi, kwa mfano, haiwafai kabisa. Wakala wa Dawa wa Ulaya ulishauri mwaka 2013 kwamba hata kwa watu wengine ya kumeza isizidi siku 7.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Kuvimba midomo, ulimi au uso, vipele vilivyoenea ghafla, kushindwa kupumua, kuzirai, degedege, usingizi ambao mtu haamshiki, kuona maruweruwe, kushindwa kukojoa kwa saa nyingi huku kibofu kikiuma, macho kuwa ya njano. Yoyote kati ya hizi ni sababu ya kumpeleka mgonjwa kituo cha afya wakati huo. Mtoto aliyemeza vidonge vya mkubwa apelekwe hata kama bado anacheza, na asitapishwe.

Kutoa taarifa

Madhara ya dawa hutolewa taarifa, na mwenye haki ya kutoa taarifa si mhudumu wa afya peke yake. Tanzania Bara jambo hili liko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya liko chini ya Bodi ya Famasi na Sumu. Unaweza pia kumwambia mfamasia au mhudumu wa kituo ajaze fomu kwa niaba yako. Huhitaji kuwa na hakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Kushuku kunatosha, na uchunguzi ni kazi ya wenye mamlaka. Usitupe pakiti. Andika jina la dawa na la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, siku uliyoanza kuimeza, dozi, siku dalili ilipoanza, na dawa nyingine zote ulizokuwa ukitumia wiki hiyo.